Roboti Zisizofanya Kitu

Tangu nirudie kuunda roboti za plastiki, watu hawaniulizi nazipata wapi wala bei gani. Wanauliza, "Zinafanya nini?" Jibu langu ni moja: hazifanyi kitu. Hazina betri, haziwaki taa, hazitembei. Unakata vipande, unavipachika, roboti inasimama juu ya kabati na mkono mmoja kiunoni, basi. Muulizaji hunitazama akisubiri sehemu ya pili ya jibu, ambayo haipo.

Kwa kazi mimi ni fundi wa meno bandia hapa Tanga mjini. Daktari ndiye anayeingia mdomoni kwa mgonjwa. Mimi niko chumba cha nyuma na plasta, nta, akriliki na mashine ya kusagia, nachonga ufizi wa mtu ambaye pengine hatutaonana. Naipenda kazi hiyo, ila ina mwenyewe. Kila seti ya meno ina mtu anayeisubiri: ana harusi Jumamosi, anataka kutafuna nyama, anataka kucheka kwenye picha bila kuziba mdomo kwa mtandio. Simu inalia, "Fundi, tayari?" Roboti haina mwenyewe. Hakuna anayenipigia kuulizia mguu wa kushoto umefikia wapi. Nafikiri hilo ndilo hasa lililonirudisha, nikiwa na miaka arobaini na ushee, ndevu zimeanza kuchanganya rangi.

Nasema kunirudisha kwa sababu huku nilishapita utotoni. Mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa meli za mizigo, na kila akirudi Ngamiani alikuja na begi la vitu ambavyo hakuna duka la hapa lililokuwa navyo. Katikati ya miaka ya tisini alitoka safari ya Japani na kiboksi chembamba, juu limechorwa jitu la kijani lenye jicho moja. Ndani mlikuwa na fremu za plastiki ya kijani zilizojaa vipande, kijipakiti cha gundi, na karatasi ya maelekezo yenye Kijapani kitupu. Picha lakini zilieleweka. Namba moja inaingia kwenye namba mbili, mshale huku, mshale kule.

Hatukujua ni nini. Lilikuwa na bomba linalotoka mdomoni likizunguka mpaka nyuma ya kichwa, mabomba mengine kiunoni, na jicho moja ndani ya upenyo mweusi usoni. Sisi watoto wa pwani tukaona jambo liko wazi: huyu mzamiaji, na mabomba yale ni ya pumzi. Tukamwita Mzamiaji. Alizamishwa sana kwenye karai la kufulia, na Raskazone alikwenda kuogelea pamoja nasi. Gundi ya kwenye pakiti iliisha kabla hatujafika miguuni. Kaka yangu akaenda kuomba kwa fundi viatu, akapaka kwa ukarimu, na asubuhi mguu wa kulia wa Mzamiaji ulikuwa umelainika na kubonyea, alama ya kidole gumba cha kaka imeganda pale mpaka mwisho wa maisha yake. Plastiki ile ni polistaireni, na vimiminika vilivyomo kwenye gundi ya viatu vinaiyeyusha. Wakati ule maelezo yetu yalikuwa kwamba Mzamiaji amechomwa na taa, yule samaki wa mchangani mwenye mwiba mkiani, na tulimfunga kitambaa.

Jina lake la kweli nililikuta nikiwa chuoni Dar es Salaam, kwenye kompyuta ya kulipia kwa saa. Anaitwa Zaku. Ni mashine ya upande wa maadui katika katuni ya Kijapani iitwayo Mobile Suit Gundam, iliyoanza kurushwa kwenye televisheni Aprili 1979. Mwongozaji wake ni Yoshiyuki Tomino, na aliyebuni maumbo ya mashine ni Kunio Okawara. Katuni yenyewe sijaimaliza hadi leo, nasinzia. Ila mkasa wake naupenda. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza haikupata watazamaji wa kutosha. Ilipangiwa vipindi 52, ikakatizwa kwenye cha 43, Januari 1980. Hapo mtu angesoma khitma. Lakini Julai mwaka huohuo kampuni ya Bandai ikatoa kiboksi cha roboti ya shujaa, Gundam, kwa yeni 300. Katuni ikarudiwa, safari hii ikapata watu, na watoto wa Japani wakavamia maduka kutafuta maboksi. Kwa hiyo hadithi iliyokwishazikwa ilitolewa kaburini na plastiki. Mpaka leo katuni mpya zinatengenezwa, na mashine nyingi zinazotokea kwenye kioo zina maboksi yao dukani.

Kwenye hadithi, Gundam ina urefu wa mita 18 na Zaku mita 17.5. Maboksi yale ya mwanzo yaliundwa kwa uwiano wa 1 kwa 144, kwa hiyo Gundam mkononi mwako ni sentimita 12 na nusu, na Mzamiaji wetu alikuwa mfupi kidogo. Uwiano huo haujaachwa mpaka leo.

Mzamiaji tulihama nyumba akapotea. Ikaja shule, chuo, kazi, ndoa. Hapo sina cha kusimulia.

Aliyenitia tena kwenye mambo haya ni binamu yangu wa Maskati. Tanga hii ukigonga mlango wowote mwenyewe ana mtu Maskati, na mtu huyo akija likizo haji mikono mitupu. Binamu alikuja na manukato, halua, kanzu, na boksi moja ambalo watoto wake walikuwa wameligomea baada ya kugundua halina rimoti. "Chukua wewe," akasema, "wewe si fundi wa vitu vidogovidogo." Ilikuwa Gundam yenyewe, lile toleo la mwaka 2020 linaloitwa Entry Grade. Nilikaa nalo barazani baada ya sala ya Isha. Saa nne na nusu lilikuwa limesimama, na mimi nimeshikwa.

Mtu aliyeiacha kazi hii enzi za Mzamiaji na kurudi leo anakuta dunia nyingine. Mzamiaji alikuwa kijani mwili mzima. Ukitaka rangi nyingine, utafute rangi upake. Gundam hii ya binamu ilitoka kwenye mfuko ikiwa tayari na nyeupe yake, buluu kifuani, nyekundu tumboni na miguuni, manjano pale penye manjano. Bandai wana mashine zinazomimina plastiki za rangi tofauti kwenye fremu moja. Gundi haitakiwi kabisa. Kila kipande kina kijiti na mwenzake ana tundu, ukibana unasikia "tak". Toleo hili la wanaoanza hata plaizi halitaki, vipande vinanyofoka kwa vidole. Na viungo! Mzamiaji alikuwa anainua mkono na kuushusha, askari wa gwaride. Huyu anapiga goti, anachuchumaa, anageuza kifua, anashika bunduki kwa mikono miwili.

Zinatengenezwa Shizuoka, mji ambao ndio kitovu cha vitu hivi huko Japani. Tamiya, kampuni nyingine ya vitu hivi, nao ni wa hukohuko, na wao kabla ya plastiki walianzia kwenye biashara ya kupasua mbao. Hilo halikunishangaza. Sehemu yenye mafundi mbao haikosi watoto wanaojua kuchonga. Sisi hapa tulikuwa na ngalawa za kandambili. Unatafuta kandambili iliyoletwa na maji, unaikata kwa wembe ifanane na mtumbwi, unaichoma njiti mbili za chelewa kushikilia matengo ya pembeni, tanga la mfuko wa nailoni, unaiachia upepo pale ufukweni Deep Sea maji yakiwa yamejaa. Kuna vijana walikuwa na mikono, zao hazipinduki. Wangezaliwa Shizuoka sijui wangekuwa nani sasa hivi.

Baada ya Gundam nikaagiza Zaku, bila shaka. Ya daraja linaloitwa High Grade, uwiano uleule wa 1 kwa 144, kijani kilekile. Binamu alimkabidhi mtu aliyekuwa anakuja kumzika baba yake, na boksi likafika Tanga ndani ya begi la msiba. Na hapa ndipo plaizi ikaingia kazini.

Niseme kidogo kuhusu kukata, maana ndiko raha iliko, na anayetazama pembeni haioni. Kila kipande kimeshikwa kwenye fremu na vikonyo viwili vitatu. Ukikata kikonyo kwa ubavu wa kipande, plastiki inavutika na kuacha doa jeupe, na kwenye kijani iliyokoza doa hilo linaonekana toka mlangoni. Kwa hiyo unakata mara mbili. Kwanza mbali, kipande kitoke kwenye fremu kikiwa na kikonyo chake. Kisha plaizi ya mdomo bapa inalala karibu na kipande bila kukigusa, unaacha kama nusu milimita, unabana taratibu. Kile kilichobaki unakiondoa kwa wembe, si kwa kusukuma, kwa kukwangua, ngozi juu ya ngozi. Halafu msasa: namba 400 mpaka usawa upatikane, 600, 800, ukifika 1000 kidole hakisikii kitu. Doa jeupe likibaki, lisugue kwa ukucha mpaka lipate joto. Mara nyingi linafifia.

Kwenye meno bandia siachi kona hata ya kuonewa shaka, kwa sababu ulimi wa mgonjwa utaikuta kabla hajafika kituo cha daladala. Ulimi ni mkaguzi mkali kuliko jicho, na tabia hiyo imeniingia. Siku moja mke wangu alitoka chumbani usiku kunywa maji akanikuta sebuleni nimeufunga mdomo juu ya bega la Zaku. Alisimama kidogo. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia napima msasa. Akasema sawa, akanywa maji yake, akarudi kulala, na asubuhi dada zake wote walikuwa na habari.

Plastiki zenyewe si moja, na wenzangu wa kazi watanielewa nikisema hapo ndipo penye elimu. Pembeni mwa kila fremu mmechapwa herufi. PS ni polistaireni, hiyo ndiyo mwili. Inakatika vizuri, inapokea msasa, inapokea rangi. ABS ni ngumu zaidi, huwekwa penye kazi, viungo na silaha, nayo ina hila yake: ukiilowesha kimiminika cha kuyeyushia rangi ikiwa imebanwa, inapasuka. PE ni laini, ile ya vijipete vinavyowekwa ndani ya magoti na mabega ili kiungo kishike bila kulegea. Hiyo gundi haikamati na rangi inabanduka, iache kama ilivyo. Akriliki yetu ya meno ni ukoo mwingine, ya unga na maji, na yale maji yake nayaweka mbali kabisa na meza ya roboti kwa sababu yanakula polistaireni. Mzamiaji alishatuonyesha.

Sasa nije kwenye hali ya hewa, jambo ambalo video za mafundi wa kule hazikuelezi, au zinakueleza kwa sentensi moja kana kwamba kila mtu ana chumba kikavu. Roboti ikikamilika, wengi huipulizia dawa ya mwisho, ile inayoondoa mng'aro wa plastiki na kuifanya ifubae vizuri kama chuma cha kweli. Inakaa kwenye kopo, unatikisa, unapuliza. Kimiminika kinapoyeyuka hewani kinapoza uso wa kipande, na hewa ikiwa na unyevu, unyevu ule unaganda palepale juu ya dawa mbichi. Matokeo yake ni ukungu mweupe usiofutika. Sasa wewe uko Tanga. Chumvi kwenye kikopo inakuwa maji yenyewe. Upulize saa ngapi?

Nimejipangia kwa upepo, kama walivyojipangia wenye majahazi. Masika, tangu mwezi wa tatu mwishoni mpaka wa tano, hakuna kupuliza. Ni miezi ya kukata na msasa, dirisha limefungwa, mvua inapiga bati, na kwa kweli ndiyo miezi ninayoipenda kuliko yote. Kusi inakuja na ubaridi wake mzuri lakini inavuma kwa nguvu na inabeba mchanga, kwa hiyo napulizia ndani ya boksi la friji nililolaza ubavu, mdomo umegeukia ukutani. Vuli narudi kwenye kukata. Kaskazi, Januari na Februari, jua kali, ndio msimu. Saa nne asubuhi umande umekwisha, na nina mpaka saa nane hivi. Ninatoboa vipande kwa mishikaki ya mianzi, mkono kiungo kwa kiungo, navichomeka kwenye kipande cha godoro, napuliza kwa mbali mara nyepesi nyepesi, naanika. Jirani aliwahi kuchungulia juu ya ukuta akaona vichwa na mikono vimechomekwa kwenye vijiti mstari mzima, akaniuliza kwa upole kama niko salama.

Kwa hiyo roboti iliyomalizika kuungwa Aprili inaweza ikasubiri dawa mpaka Januari. Vijana wawili watatu ninaozungumza nao mambo haya hapa mjini wanaona ni adhabu. Mimi mchana kutwa nafanya kazi ya "tayari?" Jitu linalosubiri miezi tisa bila kupiga simu halinikeri hata kidogo.

Chumvi ya bahari nayo ina sehemu yake. Plaizi nzuri ukiiacha mezani Chumbageni wiki moja bila mafuta, inaota kutu kwenye makali, na makali yakiharibika kila kikonyo kinaacha doa. Mimi naipangusa kwa tone la mafuta ya cherehani kila usiku na kuirudisha kwenye kikopo chenye kifuniko. Vifaa vingine nimevipata humuhumu bila kuagiza. Kibano cha nyusi kutoka duka la vipodozi. Msasa wa maji kutoka kwa wauza vifaa vya kupigia rangi magari, hao wana namba zote mpaka 2000. Kwa ile mistari myembamba inayotenganisha mabamba ya mwili, wenzetu wana kalamu maalumu. Mimi natumia penseli ya kubonyeza, ile ya risasi nyembamba, napitisha, nafuta pembeni kwa raba. Kwenye nyeupe na kijivu inatoka vizuri kuliko wino, kwa maoni yangu, haipigi kelele. Kwenye kijani ya Zaku haifai, hapo kalamu nyeusi ya nukta ndogo.

Kuhusu madaraja, kwa anayetaka kuanza. Baada ya High Grade ya 1990 walikuja na Master Grade mwaka 1995, hiyo ni 1 kwa 100, jitu la sentimita 18 na mifupa yake ndani, unaanza na kiunzi ndipo unakivika. Perfect Grade ya 1998 ni 1 kwa 60, sentimita 30, nimeiona kwenye picha tu na bei yake niliisoma mara mbili. Real Grade ilitoka 2010. Inachukua mambo ya Master Grade na kuyabana kwenye udogo wa 1 kwa 144. Watu wanaisifu mno. Mimi nimeunda moja na nasema ile ni kazi, si mapumziko: stika ndogo kuliko chembe ya mchele, vipande vinavyoruka vikitoka kwenye kibano na kupotelea chini ya jokofu. Nikitaka kuinamia kitu cha ukubwa huo, nina kazi inayonilipa. High Grade ndiyo kipimo changu. Jioni tatu nne za bila haraka, rangi za kutosha, na penye upungufu unapata nafasi ya kutia mkono wako.

Nyumbani kulikuwa na mjadala, na haukuwa wa fedha kama mtu angedhania. Shangazi yangu, dada yake baba, anakaa nasi. Siku ya kwanza alipoona Gundam juu ya kabati la sebuleni hakusema kitu. Ya pili akaniita.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Lile ni sanamu?"

"Ni mdoli tu, shangazi."

"Mdoli wa nani?"

Swali zuri. Ningesema wa watoto, na watoto wangu watatu wapo, wangenitosha kwa ngao. Nikasema wangu.

"Wa watoto ningenyamaza," akasema. "Watoto wanachezea, wanavunja, wanatupa. Lako limesimamishwa, linapanguswa vumbi. Malaika wa rehema wanapita nyumba kama hii. Na mimi nasali sebuleni."

Sikubishana. Suala hili wanazuoni wamelizungumza sana, na mimi si miongoni mwao. Naye amenilea, ana haki ya kusali mahali ambapo moyo wake umetulia. Siku ileile Gundam ikahamia kazini, kwenye rafu juu ya meza yangu, kati ya vikopo vya plasta na mataya ya mfano. Zaku ikafuata. Nyumbani kimebaki kile ambacho bado ni vipande, na shangazi hana neno na vipande. Mguu kwenye fremu si sanamu. Mpaka huo tunauheshimu wote wawili, na umekuwa na faida ambayo hakuikusudia: nyumbani ni pa kuunda tu, sebule haijawa duka.

Rafu ya kazini imepata wapenzi wake. Wagonjwa wengine daktari huwaleta nyuma kwangu kuchagua rangi ya meno, na macho yao yanakwenda juu. Mzee mmoja wa Mwanzange, hana jino hata moja, aliitazama Zaku muda mrefu akauliza, "Hilo nalo ni mteja?" Nikamwambia hilo halina mdomo, lina bomba. "Basi limepumzika," akasema, akaendelea kuchagua. Alichukua nyeupe kuliko niliyomshauri.

Sasa hivi ni masika. Mezani nina Zaku mwingine, mwekundu, wa yule rubani hodari wa upande wa maadui, na nimefika kiunoni. Mabaki ya fremu siyatupi. Yana matumizi, na moja ya matumizi hayo imenitokea wiki hii kwa shangazi huyohuyo. Redio yake imepoteza kitufe cha sauti, kile cha kuzungusha, amekuwa akizungushia kijichuma kilichobaki kwa kibanio cha nywele. Akanijia mezani, akasimama, akatazama vipande kwa muda. "Kama unaweza kutengeneza mkono wa hilo," akasema, "kitufe kinakushinda?"

Kazini nilichukua vipimo kama vya jino, nikamimina akriliki, nikasaga, nikang'arisha, nikachonga mikwaruzo pembeni kidole kisiteleze. Kimeingia, kinazunguka, taarifa ya habari ya saa mbili ikapanda mpaka jirani akaisikia. Ila akriliki niliyokuwa nayo ilikuwa ile ya ufizi. Shangazi alikigeuzageuza kitufe cha waridi, akasema kinamtia kinyaa, ni kama kumshika mtu mdomoni. Haikuwepo ya kijani, ya yule chongo wako?

Nikamwambia ipo, tena vipande vya fremu yake ninavyo tele, nitakiunda upya. Lakini lazima nikipulizie, na kupuliza mpaka mvua ziishe.

"Lini?"

"Nitakwambia, shangazi."

Jana kaniuliza tena kama tayari.